Fundi Aliyechinja Magari

Garsen ina mafundi wengi wa magari, lakini ukisema Fundi tu, bila kuongeza jina wala mahali, kila mtu anajua unamsema nani. Wengine huitwa kwa majina yao au kwa vibanda vyao. Yeye alikuwa Fundi, kama mimi nilivyokuwa Mwalimu, na kwa miaka kumi na minne tuliyojuana hatukuwahi kuitana vingine. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, hayo waulizwe wanaopenda kupanga watu kwa makabila yao. Mji wetu una wengi wa namna hiyo na hawahitaji msaada wangu. Mimi nataka kueleza alivyokuwa akiyahukumu magari yaliyopata ajali, na nina sababu. Liko gari moja alilosema lisirudi barabarani, na mwenyewe akaliuza. Mwenyewe huyo ni mimi.

Kutengeneza alikujua, lakini hicho sicho watu walichomfuatia. Walifuata hukumu. Gari likipinduka njia ya Hola, au likigonga mnyama, au likiteleza mtaroni wakati wa mvua, mwenyewe huwa na swali moja: je, naweza kuendelea kuliendesha? Wahenga walisema ng'ombe avunjikapo guu hurejea zizini, na magari ya kwetu yalirejea kwake, mengine kwa kuvutwa kamba, mengine yakichechemea yenyewe. Naye alikuwa na majibu matatu tu. Akisema "Iende," chukua ufunguo wako. Akisema "Ilale," gari linabaki pale mpaka kitu fulani kibadilishwe. Jibu la tatu nitalifikia.

Hakuanza na gari, alianza na dereva. Alimkalisha juu ya tairi kuukuu, akampa maji, kisha akamtaka aeleze ajali kwa mikono: gari lilikuwa hapa, kile kingine kikaja hivi, likageuka hivi. Ukianza kuongea sana alikukatiza. "Mdomo unakutetea," alisema. "Nionyeshe mkono." Na kweli, watu waliokuwa wakiapa kwamba walikuwa wakienda polepole, viganja vyao vilikuja kwa kasi vikagongana paa!

Ufunguo ulikaa mfukoni mwake wakati wote huo. Hakuna aliyeruhusiwa kuwasha injini kabla yeye hajalala chini kwenye gunia lake na kutazama kama kuna mafuta au maji yanayodondoka. Alinusa mazulia ya ndani. Alifungua na kufunga milango yote minne, macho ameyafumba, na mlango uliogoma kidogo tu aliurudia mara tatu au nne. Mkanda wa kiti aliuvuta mpaka mwisho. Kama ulikuwa umemshika mtu siku ya ajali, aliukata papo hapo kwa kisu, hata kama ungali unavutika vizuri, na mwenye gari akilalamika aliambiwa kwamba mkanda ule umeshafanya kazi yake na sasa umechoka, atafute mwingine.

Jambo la mwisho lilikuwa tope. Mbele ya gereji yake alitandaza udongo wa mfinyanzi kutoka mtoni, kipande kirefu kama cha makaburi mawili yaliyofuatana, na kila asubuhi alikimwagia maji. Gari lilisukumwa polepole juu ya tope hilo, usukani ukiwa umenyooka, kisha likaondolewa, naye akachuchumaa kusoma. Gari zima, magurudumu ya nyuma hukanyaga palepale yalipokanyaga ya mbele, au karibu sana na hapo. Gari lililopinda mwili huenda upandeupande, likaacha mistari minne badala ya miwili. Wafugaji walilielewa jambo hili upesi kuliko sisi wengine. Nakumbuka mzee mmoja wa Kiorma aliyeleta pikapu yake ya kubebea maji ya ng'ombe. Fundi alipokuwa bado anavua viatu, mzee alitazama tope, akalielekeza kwa fimbo.

"Huyu mguu ya nyuma imeumia," akasema.

"Basi umejihukumu mwenyewe, mzee," Fundi akamjibu. "Ilale."

Wakacheka wote wawili, na pikapu ikalala wiki tatu.

Nisije nikamfanya malaika. Mtu huyu aliyekuwa akikata mikanda ya wenzake alikuwa na baiskeli isiyo na breki hata moja. Alisimama kwa kukandamiza gurudumu la mbele kwa soli ya ndara, na alizimaliza ndara za kulia upesi hivi kwamba muuza viatu sokoni alikuwa akimlaumu kwa kumwachia za kushoto. Nilipomuuliza alisema baiskeli inambeba yeye peke yake, na yeye ameshajisamehe. Kwenye drafti alikuwa mwizi wa mchana kweupe. Ukigeuka kuitikia salamu, ukirudisha macho, kifuniko chako kimoja cha soda kimeshatoweka. Watu alikuwa akiwasahau majina na nyuso. Angeweza kukuuliza hali ya mama yako mwaka mzima baada ya kuja mazishini kwake. Magari hakuyasahau. Alijua kila gari lililopita mikononi mwake, lilipoumia, na nani alikuwa amekaa kiti gani siku hiyo.

Ulimi wake pia ulikuwa mkali. Kijana mmoja aliyeviringisha gari la baba yake alianza kueleza kwamba usukani ulimponyoka. "Ulikuwa unaendesha," Fundi akamuuliza, "au ulikuwa unaendeshwa?" Baba yake, aliyekuwa amesimama nyuma, ndiye aliyecheka mpaka akakohoa.

Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye Fundi hakuwahi kumtania. Ni mama mmoja anayenunua samaki maziwani huko kwenye delta na kuwauza mjini. Mama huyo anachechemea. Zamani, kabla sijahamia Garsen, alileta pikapu yake iliyokuwa imegonga nguzo ya daraja dogo. Siku hiyo Fundi alikuwa na haraka, anakwenda harusini Tarasaa, nguo safi ameshavaa. Akaizunguka pikapu mara moja, akaitingisha, akasema "Iende." Ikaenda, na kabla haijafika mbali gurudumu la mbele likang'oka pamoja na chuma kinacholishika, na pikapu ikaingia porini. Mama alikaa hospitalini miezi. Haya sikuyasikia kwa Fundi. Niliyasikia kwa mama mwenyewe siku nilipomuuliza kwa nini Fundi husimama kila anapopita, hata kama ana spana mkononi au ameinama ndani ya boneti.

"Na bado unampelekea gari?" nikamuuliza.

"Nimpelekee nani, Mwalimu?" akasema. "Hawa wengine hawajui linavyouma. Huyu anajua."

Nadhani, ingawa hakuna aliyeniambia, kwamba jibu la tatu lilizaliwa baada ya siku hiyo. Jibu hilo ni "Ichinjwe." Alilitoa kwa gari lililopinda au kupasuka mahali ambapo nyundo na moto haviwezi kurudisha nguvu yake. Sote twajua kwamba mnyama akivunjika vibaya hangojewi afe. Huchinjwa angali hai, ili awafae watu. Fundi alisema gari nalo ni hivyo hivyo. Injini itolewe, viti vitolewe, milango iliyo mizima itolewe, kila kitu kiende kikasaidie gari lingine. Kisha mwili wenyewe ukatwe kwa grainda mahali pawili, kwenye nguzo za paa na kwenye chesisi, ili asitokee mtu mjanja wa kuunyoosha, kuupaka rangi na kumuuzia asiyejua. Na mwenye gari lazima ashike grainda pamoja naye. Mtu mmoja aliwahi kumuuliza kwa dhihaka kama atasoma na bismillahi. Fundi alikasirika kweli. "Bismillahi ni ya nyama," alisema. "Hii ni adabu tu."

Madalali wa magari hawakumpenda, na sishangai. Gari la ajali likinyooshwa vizuri huuzika Malindi, Lamu, popote. Kwao Fundi alikuwa mtu wa kuharibu mali ya watu. Mimi nilikuwa nikimtetea. Nilimtetea shuleni, nilimtetea kwenye vibanda vya chai, nilimtetea mpaka siku ilipofika zamu yangu.

Nilikuwa na Probox nyeupe. Mke wangu aliitumia kupeleka maembe na ndizi kutoka mashamba ya mtoni, mimi niliitumia kwenda kuona jamaa Ngao. Hatukuwa na mali nyingine ya kutajwa. Msimu huo mto ulikuwa umefurika na malisho yote yamezama, kwa hiyo ng'ombe walikuwa wakilala juu ya lami, ndipo palipobaki pakavu. Alfajiri moja nikitoka Idsowe, nikiwahi gwaride la shule, nilimwona dume mweusi nilipokuwa nimeshamfikia.

Gari lilisimama likitazama nilikotoka. Kabla sijajua kama nimeumia, nikaona mtu anakuja mbio na kisu kirefu. Nakiri kwamba nilidhani kisu ni changu. Nilianza sala niliyofundishwa utotoni, nikaisahau katikati. Mtu yule akanipita kama hanioni, akamgeuza dume upande wa kibla, akamchinja kabla hajakata roho. Ndipo akarudi, kisu kinadondoka damu, akanishika bega kwa upole mkubwa.

"Pole sana, Mwalimu. Wewe iko mzima?"

Wazee wakaja, wakakaa, na maneno yakaisha kabla jua halijakuwa kali. Nikapewa hata paja nipeleke nyumbani. Sasa tazama tulichofanya. Kwa kuwa ng'ombe amehalalika, mwenyewe ameridhika na nyama imegawanywa, kila mtu pale, mimi nikiwa wa kwanza, aliona ajali imekwisha. Tulisukuma bampa lililolegea, nikatia paja kwenye buti, nikawasha gari, nikaondoka. Lilikuwa linavuta kushoto kidogo. Nilishika usukani kwa nguvu zaidi, na nikafika.

Fundi alipata habari kutoka kwa watu waliokula ile nyama. Akaja mwenyewe kwa baiskeli hadi nyumbani.

"Ng'ombe mliitazama vizuri," alisema. "Mwenye ng'ombe mkamtazama. Gari nani aliitazama?"

"Ilinifikisha, Fundi."

"Ilikufikisha kwa heshima yako tu. Ilete."

Niliipeleka mchana ule, kwa kuvutwa. Nikakaa juu ya tairi, nikanywa maji, nikaonyesha kwa mikono. Mlango wa nyuma kushoto ulikataa kushika. Chini ya kiti cha dereva chuma kilikuwa kimepasuka mahali pa kuungana, ufa mrefu kama kidole, na nguzo ya mlango ilikuwa imesogea. Kwenye tope hata mimi nisiyejua lolote niliiona mistari, nayo ilikuwa minne. Fundi akainuka kutoka kwenye tope. Alinivuta mkono, akakiweka kidole changu kwenye ule ufa.

"Inaweza kutembea," alisema. "Inaweza kutembea hata miaka miwili. Lakini siku ikigonga tena, hata mbuzi, itakunjika hapa, na aliyekaa hapa atakuwa ndani ya mkunjo. Ichinjwe, Mwalimu. Njoo Jumamosi tushike pamoja."

Nilisema sawa. Nilimaanisha sawa, kwa siku mbili. Nikaenda nyumbani, mke wangu akaniuliza tutabebea nini maembe. Dalali akapita jioni ile kama mtu aliyesikia harufu. Ijumaa, Fundi alipokuwa msikitini, nilikwenda na dalali na kamba tukalivuta gari langu kutoka kwenye uwanja wake. Niliiba mali yangu mwenyewe, na nilitembea kwa kunyata.

Walilinyoosha mji mwingine, wakachomelea ule ufa, wakapaka rangi. Kipya kinyemi ingawa kidonda: lilirudi likimeta kuliko siku niliyolinunua. Mnunuzi alikuwa mtu wa upande wa Witu, mpole, mwenye tabia ya kusema "inshallah" baada ya kila kitu, hata baada ya kukutajia jina lake. Alizunguka gari, akalipapasa.

"Imewahi kupata ajali, Mwalimu?" akauliza. Alinitazama mimi, hakumtazama dalali. Mwalimu hasemi uongo.

"Iligonga ng'ombe," nikasema. "Kidogo."

"Alhamdulillahi, kama ni ng'ombe tu," akasema, akachukua ufunguo. Mwezi uliofuata alinipigia simu kunishukuru. Nikaihifadhi namba yake, nikaandika "Witu Gari", sijui kwa nini.

Fundi hakuniuliza lolote. Jumamosi ile alinikuta sokoni akanisalimu kama kawaida, na wiki iliyofuata tulicheza drafti na akaniibia vifuniko viwili. Nilingoja anitukane. Angenitukana ningepata la kujibu, maana majibu nilikuwa nimeyatunga mengi: mshahara wa mwalimu, watoto, kwamba kila mtu anafanya hivyo. Miaka miwili na zaidi ikapita, na majibu yangu nikabaki nayo. Kila kukinyesha niliwaza ile barabara ya Witu na ng'ombe waliolala juu yake. Niliona aibu, kisha nikaizoea, kama mtu anavyozoea jino linalouma upande mmoja.

Mwaka huu macho yake yaliingia ukungu. Akafunga gereji, akahamia kwa binti yake Ngao, karibu na hospitali. Mwezi uliopita nilikwenda kumwona. Nilimkuta amekaa kivulini nyuma ya nyumba, shati limefungwa vifungo kombo, anapepeta mpunga kwa kuupapasa. Alinijua kwa sauti.

Tuliongea habari za mjini. Alinitajia magari moja moja na kutaka kujua yako wapi. Pikapu ya mzee wa Kiorma? Ingali inabeba maji. Gari la yule kijana aliyeendeshwa? Liliuzwa kama vipuri, na kijana sasa ni karani. Alikuwa akitikisa kichwa kwa kila jibu, na mimi niliona zamu inakuja lakini sikuwa na mahali pa kwenda.

"Na ile yako nyeupe, Mwalimu?"

"Niliiuza, Fundi."

"Ulikata kwanza?"

"Hapana."

Akaendelea kupepeta. Makapi yalipeperuka yakatua magotini mwangu, na hakuwa akiyaona.

"Sasa hivi nani yumo ndani?" akauliza.

Sikulielewa swali mara moja. Nilikuwa nimejiandaa kuulizwa gari liko wapi, au kwa nini. Kwa miaka yote hiyo nililiwazia lile gari, ufa wake na rangi yake, na hata siku moja sikuwa nimewaza nani amekaa kile kiti.

"Simjui," nikasema.

"Namba yake huna?"

"Sina."

"Basi," akasema, bila ukali wowote. "Kama huna, huna. Ningeona ningekwenda kumtafuta mwenyewe."

Akamwita binti yake atuletee chai. Tukanywa. Akaniuliza hali ya mama yangu, aliyefariki muda mrefu, nikasema hajambo.

Nilipotoka pale nilitembea mpaka barabarani nikasimama karibu na ukuta wa hospitali, jua la saa tano likiwaka. Nikatoa simu, nikatafuta, nikabonyeza kabla sijapata nafasi ya kutunga maneno. Iliita mara mbili tu.

"Mwalimu!" Sauti yake ilijaa furaha, na nyuma yake nilisikia injini. "Siku nyingi! Ujue hiyo gari yako ni baraka, haijanisumbua hata siku moja. Niko njiani sasa hivi, nampeleka mama kliniki. Amesinzia hapa kando yangu. Inshallah saa sita tutakuwa tumefika."

Nilitamani kumuuliza habari za mvua.

"Ndugu yangu," nikasema, "simama."

"Unasemaje? Mtandao mbaya."

"Simamisha gari. Mwamshe mama, mshuke nyote wawili, mkae mbali nayo. Kuna jambo nilikuficha."

Injini iliendelea kuunguruma muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia, kisha ikazimwa, nikaanza kumwambia.